Kambi ya kwanza kwenye uwanda wa juu wa Mlima Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kulala porini kwa mara ya kwanza, usiku mbili au tatu, akitumia stadi za porini na mzigo mdogo, juu ya mstari wa misitu lakini chini ya vilele. Hayamhusu anayelenga kilele cha Lenana.

## Mambo ya msingi

Uwanda wa juu ni upi hasa?

Ukipanda Mlima Kenya unapita msitu, kisha mianzi, kisha miti mizee iliyofunikwa kuvumwani. Karibu mita 3,200 miti inakwisha na unatokea mahali pa wazi: mafungu ya nyasi yanayofika magotini, vichaka vya erika, vijito vingi, na udongo mweusi unaoshika maji kama sponji. Hapo ndipo uwanda wa juu unapoanza. Ukifika kama mita 3,800 unakutana kwa wingi na lobelia na senesio, ile mimea mikubwa ya ajabu inayopigwa picha na kila mgeni.

Hapa jua la mchana huunguza ngozi, na usiku maji ya chupa huganda. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchana wa nyuzi 24 mjini Nanyuki ni mchana wa nyuzi kama 16 kwenye mita 3,300, tena kabla ya kuhesabu upepo. Usiku tarajia sifuri au chini kidogo yake. Kwenye mita 4,200, nyuzi 10 chini ya sifuri si jambo la kushangaza.

Stadi za porini bila moto wa kuni zina maana gani?

Wengi hufikiri stadi za porini ni kisu, panga na moto. Katika hifadhi hii hukati mti, huokoti kuni wala huwashi moto wa wazi. Stadi inayobaki ndiyo ngumu zaidi: kukaa mkavu. Kuchagua mahali pa hema, kufunga turubai lising'oke, kulinda nguo moja kavu mpaka asubuhi, kusoma wingu, kuchota maji bila kulowesha miguu. Mtu aliyelowa saa kumi jioni kwenye mita 3,300 hana namna rahisi ya kukauka mpaka jua la kesho, na kambi karibu zote zinazoharibika huanzia hapo.

Kwa nini moto umekatazwa kabisa? Hata ule mdogo wa mawe matatu?

Ndiyo, hata huo. Erika ina mafuta, kwa hiyo huwaka hata ikiwa mbichi. Nyasi za chini ya mafungu hubaki kavu mwaka mzima. Lililo baya zaidi ni udongo wenyewe: umejaa mizizi na majani yasiyooza, na moto unaweza kutambaa chini kwa chini, ukaonekana umezimika, kisha ukaibuka mbali na pale ulipowashwa. Mwezi Machi 2012 moto uliunguza eneo kubwa la uwanda huu kwa siku kadhaa. Aberdare iliungua Februari 2022, na Kilimanjaro Oktoba 2020.

Wapo wanaong'oa majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio ili wapate kiwashio. Majani hayo ni blanketi la mmea. Yanashika hewa kuzunguka shina lisigande usiku, na ukiyavua unauacha mmea uchi mbele ya jalidi. Senesio hukua polepole sana, na ule unaokuzidi kimo huenda umekuzidi umri mara kadhaa.

Ukitaka kujifunza kuwasha moto kwa cheche, au kuchonga kijiti kiwe na nyuzinyuzi za kushika moto, fanyia nyumbani au kwenye kambi za chini zenye mahali pa moto palipotengwa na kuni zinazouzwa.

Ni miezi gani inafaa?

Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea mpaka Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hata katika miezi mikavu, kawaida ya mlima ni moja: asubuhi kweupe, wingu linapanda kutoka msituni kuelekea saa tano, mvua au mvua ya mawe alasiri, kisha nyota. Panga siku yako kwa kawaida hiyo, yaani utembee kuanzia saa moja asubuhi na hema liwe limesimama kufikia saa tisa alasiri. Jua hapa huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na baada ya nusu saa ni giza totoro.

## Ruhusa na njia

Nahitaji kibali gani?

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ada ya kuingia na ya kambi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si kwa pesa taslimu getini. Lipa ukiwa mjini wenye mtandao na uhifadhi risiti kwenye simu, kisha uwe na nakala ya karatasi pia, maana simu baridi huzima. Raia abebe kitambulisho. Bila hicho hutapata ada ya raia.

Mtu mmoja peke yake haruhusiwi kwenda kulala mlimani. Nenda na kiongozi aliyesajiliwa. Mwambie mapema kwamba unataka kujifunza, ili asikufungie hema wala kukupikia. Viongozi wa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria wanaujua mlima huu kuliko kitabu chochote, na siku mbili za kumuuliza mmoja wao maswali ni darasa lenye thamani kuliko vifaa vyote utakavyonunua.

Nianzie geti gani?

Sirimon, kama ni mara ya kwanza. Upande huo wa kaskazini magharibi ndio mkavu zaidi na njia yake hupanda taratibu. Geti liko mita 2,650, na Old Moses, penye mabanda na uwanja wa mahema, iko mita 3,300, mwendo wa kilomita 9.

Chogoria, upande wa mashariki, ndiko kuzuri kuliko kote kwa macho, na Ziwa Ellis lina uwanja tambarare wa kuweka kambi. Ila barabara ya msituni inayopanda hadi geti hugeuka uji wakati wa mvua na inahitaji gari lenye nguvu ya magurudumu manne. Tena geti lenyewe liko karibu mita 2,950, kwa hiyo gari linakupandisha upesi kuliko mwili unavyopenda. Naro Moru ndiyo fupi. Juu ya kambi ya Met Station, penye mita 3,050, njia hiyo inapita kwenye mteremko wa tope ambao wapandaji wameupa jina la kinamasi kilichosimama wima. Usiichague kwa kambi ya kwanza.

Naomba mpango wa siku kwa siku.

Usiku wa kwanza lala kambi ya Sirimon getini, mita 2,650. Siku ya pili tembea mpaka Old Moses, muda wa saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kuzungumza bila kuhema. Funga hema, pumzika, kisha jioni panda mita 100 au 200 na urudi. Siku ya tatu acha hema limesimama, panda kuelekea bonde la Liki North na chakula cha mchana mgongoni, geuza saa sita mchana popote ulipo, rudi ulale Old Moses. Siku ya nne shuka.

Faida ya mpango huu ni kwamba unapanda juu mchana na kulala chini usiku, na mwili huzoea hewa nyepesi kwa namna hiyo. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam alale kwanza usiku mmoja Nanyuki, penye mita kama 1,950.

Haya yanahusu pia Kilimanjaro, Aberdare au Kitulo?

Mavazi, maji, hema na afya, ndiyo. Sheria, hapana. Kilimanjaro hulali popote isipokuwa kambi zilizotajwa kwenye kibali chako, na kiongozi ni lazima. Aberdare ina tembo na nyati wengi kwenye uwanda wenyewe, kwa hiyo askari wa hifadhi ndiye anayekuambia pa kulala. Kitulo, huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, iko karibu mita 2,600. Haina tatizo kubwa la hewa nyepesi, lakini baridi ya Juni na Julai ni kali.

## Vifaa

Nibebe nini, na uzito gani?

Kama hutumii mpagazi, mzigo wote na chakula usizidi kilo 14. Ukizidi hapo utatoka jasho, na jasho ni maji kama mvua. Orodha ya lazima:

- hema la watu wawili lenye paa la nje linalofika chini, na vigingi 12 badala ya 8 vinavyokuja nalo
- mfuko wa kulalia wenye kiwango cha starehe cha nyuzi 5 chini ya sifuri au chini zaidi
- magodoro mawili membamba ya sponji
- turubai la mita 3 kwa 3, kamba ya milimita 3 au 4 yenye urefu wa mita 20
- jiko dogo la gesi, sufuria ya lita moja na nusu, kiberiti mahali pawili tofauti
- tochi ya kichwani na betri za akiba
- filimbi, dira, ramani ya 1:50,000
- kisu kifupi kisichokunjwa, ubapa wa sentimita 9 au 10

Panga liache nyumbani. Halina kazi hapa, na getini litakuletea maswali.

Kwa nini magodoro mawili? Mfuko wangu wa kulalia ni mzito.

Kwa sababu mwili wako unaulalia mfuko na kuubana. Sehemu iliyobanwa haina hewa, na isiyo na hewa haishiki joto. Chini yako kuna udongo wenye maji, karibu na kuganda, ukinyonya joto usiku kucha. Wanaolalamika kwamba mfuko wao ni mbovu mara nyingi wamelala kwenye sponji moja ya sentimita moja. Weka la pili, au tandika koti na begi tupu chini ya miguu.

Nguo nitapata wapi bila kuuza ng'ombe?

Gikomba na Toi, Nairobi, au soko lolote la mitumba. Tafuta sweta la sufu, koti la manyoya laini ya poliesta, suruali nyepesi ya kukauka upesi. Kagua zipu kwanza. Koti la mvua ndilo la kununua kwa uangalifu: lijaribu nyumbani chini ya bomba kwa dakika 10 ukiwa umelivaa. Koti lililochakaa huanza kuvuja mabegani, pale mikanda ya begi inapobana.

Pamba iache, hasa jinzi na fulana. Pamba ikilowa haikupi joto tena na inakauka kwa siku nzima. Gwanda zima la kulalia, yaani soksi za sufu, suruali na fulana ya mikono mirefu, liwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na livaliwe ndani ya hema tu. Asubuhi unavaa tena zile nguo mbichi za jana. Dakika tano za kwanza ni mateso, lakini usiku unaofuata una pa kukimbilia.

Miguuni, buti zilizozoeleka. Kwenye njia zenye kinamasi gambuti za mpira zenye soksi mbili nene zinafanya kazi nzuri. Wapagazi wengi huzivaa na si bure.

Naweza kutumia mifuko ya plastiki kuzuia maji kwenye begi?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji za dukani, haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu 5 Juni 2020. Nunua mfuko mzito unaokunjwa mdomo, ule wa wavuvi na waendesha mitumbwi: mmoja wa lita 30 kwa mfuko wa kulalia na nguo kavu, mmoja wa lita 8 kwa chakula. Chupa ziwe za chuma au za plastiki ngumu.

## Hema na turubai

Nitajuaje mahali pazuri pa hema?

Kwenye viwanja rasmi tumia sehemu zilizokwisha kulaliwa. Ndani ya viwanja hivyo bado kuna nafuu na kero. Fanya hivi:

Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu na uhesabu mpaka kumi. Maji yakijaa kwenye alama, sogea. Kisha tazama umbo la ardhi. Usiku hewa baridi hutiririka mabondeni kama maji na kutuama kando ya kijito. Ukipanda mita tano au kumi tu kutoka chini ya bonde unaweza kulala kwenye joto la nyuzi kadhaa zaidi. Kaa angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Angalia kinyesi na nyayo: njia iliyokanyagwa ikawa nyembamba kati ya mafungu ya nyasi ni njia ya mnyama, na mnyama ataipita usiku hata kama umeweka hema juu yake.

Mwisho, lala chali hapo kabla ya kufungua hema. Mgongo utakuambia kichwa kiende wapi.

Hema langu lina maji ndani asubuhi na hakukunyesha. Linavuja?

Hapana, hiyo ni pumzi yenu. Watu wawili hutoa mvuke mwingi usiku, unaganda kwenye paa la ndani, jua likitoka unayeyuka na kudondoka. Acha tundu la juu wazi hata kwa baridi, usilete nguo mbichi ndani, usipike ndani. Asubuhi toa mfuko wa kulalia nje ugeuze ndani nje juani kwa nusu saa kabla ya kuukunja.

Turubai nalifunga wapi pasipo na miti?

Kwa fimbo mbili za kutembelea. Simamisha fimbo mita mbili na nusu mbali, pitisha kamba juu ya ncha zote mbili na ishushe chini kwa vigingi pande zote. Tupa turubai juu ya kamba, upande wa upepo ushushe mpaka chini kabisa, upande mwingine uinue ili uwe jiko lenu. Kigingi kiegemee mbali na turubai. Kwenye udongo laini tumia vigingi viwili vilivyopishana, kimoja nyuma ya kingine.

Fundo la kujua ni lile linaloteleza ukilisukuma na kushika likivutwa. Zungusha kamba kwenye kigingi, rudisha ncha, izungushe mara mbili kwenye kamba iliyonyooka ndani ya kitanzi, kisha mara moja nje ya kitanzi kwa mwelekeo uleule, kaza. Kamba za nailoni hulegea zikilowa, na ukiwa na fundo hili unakaza kila kona bila kulifungua. Lifanyie mazoezi sebuleni ukiwa umevaa glovu, taa zimezimwa.

## Jiko, chakula na maji

Gesi kiasi gani?

Hesabu gramu 20 kwa kila lita unayochemsha, 25 kama kuna upepo. Mtu mmoja huchemsha lita kama 3 kwa siku (uji, chai mbili, chakula cha jioni, chupa ya moto ya kulalia). Kwa siku tatu ni gramu 180, kwa hiyo mtungi mdogo wa gramu 230 unamtosha mmoja, na wawili wabebe miwili.

Soma lebo. Butani tupu huacha kugeuka mvuke karibu na sifuri, na jiko litakufia alfajiri, saa unayolihitaji kuliko zote. Chukua mchanganyiko wenye isobutani na propani, na ulale na mtungi miguuni ndani ya mfuko. Kitufe cha cheche cha jiko mara nyingi hushindwa huku juu, ndiyo maana viberiti vimo kwenye orodha.

Kamwe usiwashe jiko wala makaa ndani ya hema lililofungwa. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta hulala usingizi asioamka.

Kwa nini maharage hayaivi?

Kwenye mita 3,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 88 tu. Yanatokota vizuri machoni, lakini hayana moto wa kuivisha nafaka ngumu. Githeri na maharage pika nyumbani. Wali huiva kwa shida na kumaliza gesi. Ugali unakubali, ila kanda kwa muda mrefu zaidi na kwa sufuria iliyofunikwa kila unapopumzisha mkono.

Chakula kinachofanya kazi kwa mtu mmoja kwa siku: uji wa gramu 80 za unga na sukari ya kutosha, chapati nne za jana, karanga gramu 100, viazi vitamu vilivyochemshwa kwa siku ya kwanza, tambi za kuiva upesi na dagaa waliokaangwa jioni, tangawizi na majani ya chai. Hamu ya kula hupungua juu. Beba kitu unachokipenda kweli, hata kama ni kashata.

Maji ya vijito ni salama?

Yanang'aa, lakini juu yako kuna wanyama na kambi za watu. Yakitokota yaache dakika tatu. Vidonge vya klorini vipe muda mara mbili ya ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa maji baridi huchelewesha dawa. Chujio la nyuzinyuzi likigandishwa hupasuka ndani bila dalili yoyote ya nje, kwa hiyo lilale nawe ndani ya mfuko. Kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku. Chota jioni, maana asubuhi ukingo wa kijito unaweza kuwa na barafu.

Choo na taka?

Pasipo na choo, chimba sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji na njia. Karatasi irudi nayo kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu baridi huchelewesha kuoza na wanyama hufukua. Maganda ya ndizi na machungwa nayo yarudi. Hukaa miezi mingi pale.

## Mwili na hatari

Kichwa kinauma kwenye mita 3,300. Nirudi?

Kichwa peke yake, kinachopoa kwa maji, chakula, mapumziko na dawa ya kawaida ya maumivu, si lazima urudi. Usipande tu mpaka kiishe. Kikiambatana na kutapika au uchovu usio wa kawaida, lala hapo au shuka.

Shuka mara moja, hata usiku, mkiongozwa, kama mtu anayumba, anaropoka, au anakosa pumzi akiwa amekaa. Jaribio rahisi: mwambie atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba na hakuna dawa inayoshinda kushuka. Mita 300 hadi 1,000 huleta tofauti. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Juu ya mita 3,000, usiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mpango wetu wa siku kwa siku, ulio juu katika sehemu ya ruhusa na njia, unakaribia kipimo hicho na kuongeza usiku wa pili wa kuzoea.

Nina siko seli, au ninabeba chembe yake ya urithi. Naweza kwenda?

Mwenye ugonjwa wa siko seli asiende uwanda wa juu. Oksijeni ndogo na baridi ni vichochezi vya maumivu makali. Anayebeba chembe tu, bila kuugua, naye amwone daktari kwanza, kwani bandama linaweza kudhurika kwenye miinuko. Wengi wetu tunaotoka Ziwa Viktoria au Pwani hatujui hali zetu. Kipimo ni cha damu, nacho kifanywe kabla ya kulipa ada. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye pumu inayosumbua nao waanzie kwa daktari.

Nitatambuaje kwamba mwenzangu ameingiwa na baridi ya hatari?

Tazama vidole na sikiliza maneno. Asiyeweza kufunga zipu, anayeburuta maneno, anayesema hasikii baridi tena wakati amelowa, yumo hatarini. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, hali imezidi. Mwingizeni ndani ya hema, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfuko wa kulalia, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye soksi zikiwa kwapani na kifuani. Kama yuko macho na anameza vizuri, chai yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe.

Ukungu ukishuka na sioni njia?

Simama. Vaa koti kabla hujapoa, piga filimbi mara sita kwa dakika, subiri. Ukungu wa hapa mara nyingi hufunguka kwa dakika chache.

Ushauri wa kawaida wa "fuata kijito mpaka ufike kwa watu" usiufuate kwenye mlima huu. Vijito vinaingia kwenye makorongo, kisha kwenye mianzi iliyoshonana, kisha kwenye msitu wa tembo na nyati. Mahali pako ni kwenye njia, au karibu na pale ulipoiona mara ya mwisho.

Dira yangu mpya inakwama. Ni mbovu?

Huenda imetengenezwa kwa nchi za kaskazini. Huko sumaku ya dunia huivuta sindano kuelekea chini, na mtengenezaji huisawazisha kwa ajili ya huko. Karibu na ikweta sindano hiyo inainama upande mmoja na kugusa kioo. Ulizia ya dunia nzima. Jambo jema ni kwamba hapa tofauti kati ya kaskazini ya ramani na ya dira ni ndogo sana kiasi kwamba anayeanza anaweza kuipuuza.

Wanyama je?

Nyati ndiye wa kumwogopa, hasa kati ya geti na mita 3,300. Usitembee alfajiri wala magharibi bila kiongozi, ongea kwa sauti kwenye kona zenye vichaka, na ukimwona mpishe mbali. Usiku ukitoka hema, mulika pande zote kwanza. Getini kuna nyani na kima wanaofungua zipu. Juu kuna pimbi na panya wanaotoboa begi kwa ajili ya karanga. Chakula kikae kwenye chombo kigumu kilichofungwa.

Radi?

Ukisikia ngurumo, shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, achia fimbo za chuma, mtawanyike hatua ishirini ishirini, chuchumaeni juu ya begi. Ndiyo sababu ya kugeuza saa sita mchana.

Naenda na mtoto wa miaka tisa.

Lala naye Sirimon getini, mita 2,650, na mpande mchana tu. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na hajui kueleza kichwa kinavyomuuma. Anakuwa mkimya tu, au mkorofi. Mtoto aliyeacha kucheza ashushwe.

Kibla kiko wapi, na udhu wa maji ya barafu?

Kutoka Mlima Kenya, Makka iko karibu kaskazini kamili, nyuzi kama 6 kuelekea mashariki, dira inatosha. Maji ya udhu pasheni kidogo kwenye sufuria, nusu lita kwa mtu, na muiongeze kwenye hesabu ya gesi. Kuhusu tayamamu kwa anayeogopa madhara ya baridi, muulize shekhe wako kabla ya safari. Kufunga Ramadhani huku unapanda hatukushauri kwa sababu ya maji: mwili unaokaukiwa huugua mwinuko na baridi upesi zaidi.

Nikikwama, nampigia nani?

Kiongozi wako ndiye mwenye mawasiliano na askari wa KWS, ambao wana kikosi cha uokoaji mlimani. Namba ya dharura ya Kenya ni 999 au 112. Mtandao wa simu hupatikana kwenye miinuko na hupotea mabondeni, kwa hiyo mwachie mtu nyumbani karatasi yenye geti la kuingilia, kambi za kila usiku, jina la kiongozi, na saa ambayo asiposikia kutoka kwako apige simu getini. Simu ibaki imezimwa, mfuko wa ndani wa koti, karibu na ngozi.